"Hawana nafasi, tetesi ya uongo": hesabu mnayoiruka kila Machi

Tarehe 6 Machi 2026, saa tisa alasiri kwa saa za New York, yaani saa tano usiku huku Dar es Salaam na Nairobi, NHL, ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika Kaskazini, inafunga mlango wa kubadilishana wachezaji. Na kila tetesi inayotoka wiki hii inapokelewa na mjuaji yule yule na jibu lile lile: "Jamaa analipwa dola milioni nne, timu imebakiwa na laki tisa chini ya kikomo cha mishahara. Haiwezekani."

Inawezekana. Tena bila timu kumtoa mtu hata mmoja.

Kwanza tumalizane haraka na waliokuja na akili ya usajili wa soka la Ulaya. Hakuna ada ya uhamisho. Fedha taslimu zilipigwa marufuku kwenye mabadilishano tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa 2005. Unatoa mchezaji, haki za mchezaji, au chaguo la drafti (zamu ya kuchagua chipukizi). Mkataba unahama na mwenyewe kama ulivyo, hakuna vikao vya "maslahi binafsi". Tajiri na kapuku wote wamewekewa dari moja ya mishahara, ndicho hicho kikomo: dola milioni 95.5 msimu huu wa 2025-26. Basi, hayo yameisha.

Sasa hiyo laki tisa. Mishahara ya NHL haipimwi dhidi ya kikomo mara moja kwa mwaka. Inapimwa kila siku. Msimu huu, kuanzia 7 Oktoba hadi 16 Aprili, una siku 192. Mchezaji wa milioni 4 anakula dola 20,833 kwa siku, na timu inamlipia kwenye kikomo siku zile tu alizokaa kwake. Ukimchukua siku ya mwisho, zimebaki siku 42. Zidisha: dola 875,000. Na timu iliyokaa laki tisa chini ya kikomo tangu Oktoba haijapoteza kitu, kwa sababu nafasi ya kila siku isiyotumika inajiwekea akiba. Anaingia, na chenji ya dola 25,000 inabaki.

Mchezaji huyo huyo ukimtaka tarehe 1 Januari, siku zilizobaki ni 106, na anahitaji nafasi ya milioni 2.2. Ndiyo maana tetesi nyingi za Januari zinalala, halafu zinafufuka Machi. Watu wanasema mazungumzo yalivunjika. Mara nyingi hayakuvunjika. Meneja mkuu anasubiri kalenda imshushie bei.

Hapo pia utaelewa kwa nini timu inamteremsha kijana AHL, ligi ya chini ya kulea wachezaji, Jumanne na kumrudisha Alhamisi: siku hizo hahesabiwi kwenye kikomo. Mshahara wa chini msimu huu ni dola 775,000, sawa na 4,036 kwa siku. Makombo, ndiyo, lakini makombo ya miezi mitano yanakulipia beki wa jozi ya tatu, wale wa akiba.

Chenji ile ya 25,000 ndipo mambo yanapoharibika. Ukishanunua hadi ukingoni, winga wako akiumia wiki inayofuata, mtu wa kujaza pengo, hata wa mshahara wa chini, unaweza kumlipia siku sita. Ya saba umepita kikomo. Kuna mameneja wanaoogopa hilo na kuacha laki tatu za tahadhari, na kuna wanaocheza kamari. Hesabu zangu haziwezi kukuambia yupi ni yupi, na hapo ndipo ninapokosea kila mwaka.

Jambo jingine linalofanya niandike kwa hasira: timu mbili zinaonyesha laki tisa kwenye jedwali, na mnazichukulia sawa. Angalia kama mojawapo inatumia nafuu ya orodha ya majeruhi wa muda mrefu, LTIR, inayoruhusu kupita kikomo kufidia mshahara wa majeruhi. Timu iliyo ndani ya nafuu hiyo haiweki akiba ya kila siku. Laki tisa yake ni laki tisa, nukta. Tangu timu ya Washington Capitals iinunue CapFriendly, tovuti ya kufuatilia hesabu za kikomo, na ikafungwa Julai 2024, wengi tumehamia PuckPedia. Pale kuna safu inayokuonyesha nafasi ya siku ya mwisho tayari imepigiwa hesabu. Isome hiyo, siyo ile ya kwanza inayokuvutia macho.

Kubakiza mshahara kunajulikana zaidi: anayeuza anaweza kubaki na hadi nusu ya mzigo, na timu hairuhusiwi kuwa na mikataba ya namna hiyo zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja. Winga Mikko Rantanen alipotoka Colorado kwenda Carolina tarehe 24 Januari 2025, Chicago iliingia katikati na kubeba nusu ya mzigo wake wa milioni 9.25. Wiki sita baadaye, 7 Machi, Carolina wakampeleka Dallas, ambao walimpokea kwa milioni 4.625 tu. Kuanzia msimu huu, mkataba ukishabakizwa mara moja, lazima zipite siku 75 za msimu kabla timu nyingine haijabakiza tena. Kwa hiyo ukiona tetesi ya "timu ya tatu itakata tena nusu" mchana wa siku ya mwisho, hiyo sasa ruksa kuiita uongo.

Na niwape wajuaji haki yao kidogo. Msimu huu mtoano nao una kikomo, na huko akiba ya siku haisaidii: mzigo kamili wa mwaka unahesabiwa kwa wale 20 wanaovaa jezi mchezo huo. Rudi kwa timu yetu. Ilikuwa na watu 23 kwa milioni 94.6, ukiongeza wa milioni 4 inakuwa 24 kwa 98.6. Wanne lazima wakae jukwaani. Wakiwa wote wa mshahara wa chini, unaondoa milioni 3.1 na unatua 95.5 kamili, bila dola ya ziada. Kocha akitaka kumwingiza mmoja wao badala ya mwenye mshahara mkubwa, hakuna shida. Akitaka kumtoa wa laki nane na kumweka wa laki tisa aliyepandishwa kutoka AHL, shida ipo.

Kuhusu nani anavujisha, sina kipimo. Wakala anapandisha dau, muuzaji anatafuta mnunuzi wa pili, na maneno yao yanafanana. Nikiona jina moja linahusishwa na timu tano, ninaangalia kwanza kifungu cha kukataa kuhamishwa. Kama ana orodha ya timu 10 anazozikataa, zile tano huenda ni mbili.

Usiku wa tarehe 6 msizime simu saa tano na dakika moja. Makaratasi yanatakiwa kufika ofisi ya ligi kabla ya saa tano. Kupitishwa na kutangazwa kunafuata foleni, na majina makubwa yanaweza kutoka wakati mjuaji wetu ameshaandika "niliwaambia" na kulala.