Wingi wa damu sio lita za damu jamani

Juzi kwenye daladala ya Uyole nimelisikia tena, mama anamwambia mwenzie eti moshi wa malori ya barabarani umemnyonya damu, kaenda kupima wingi wa damu kaambiwa 9 kwahiyo zimebaki lita 9. Lita 9! Mtu mzima mwenyewe ana kama lita 5 tu mwili mzima.

Kinachopimwa pale ni himoglobini, ile protini nyekundu yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni, na hiyo 9 ni gramu kwenye kila desilita ya damu. Mwanamke akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, mjamzito 11, mwanaume 13, na Mbeya huku kwenye mita kama 1,700 kiwango kinapandishwa kidogo maana hewa ni nyepesi. Basi.

Ila neno lenyewe ndo linanikera. Ukisema upungufu wa damu mtu anaona tenki limevuja. Wazungu nao waliteleza hapohapo, anemia wameitoa kwenye Kigiriki, maana yake bila damu, sasa nani anatembea bila damu? Wazee wetu walikuwa na safura, asili yake Kiarabu, kwenye mzizi wa rangi ya njano, sema walilitumia zaidi kwa ile ya minyoo, mtu anavimba uso anatamani udongo. Angalau wao waliangalia rangi, na rangi ndo yenyewe.

Haya, moshi. Ni kweli tafiti, za India zikiwemo, zimekuta kwamba penye hewa chafu miaka nenda rudi himoglobini za watu huwa chini zaidi, lakini moshi haunyonyi kitu. Inavyoelezwa, zile chembe laini zikiingia mapafuni mwili unakaa kwenye vita isiyoisha, ini linatoa homoni inayofungia chuma ghalani, yaani chuma kipo ila hakitoki kwenda kutengeneza himoglobini mpya, na ukiwa hivyo juisi ya rozela ya kuongeza damu utakunywa ndoo bila kuona tofauti. Jiko la mkaa ulilolala nalo ndani kwa baridi ya Julai ni kesi nyingine kabisa, ile kaboni monoksidi inakalia kiti cha oksijeni, wingi wa damu unasoma vizuri tu na mtu anakufa.

Shikamoo mama wa Uyole, lita zako zipo zote, kilichopungua ni wekundu. Ukirudi kupima muulize mhudumu umepungua kwa nini, kabla hujayalaumu malori.