Kokoto Iking'oka Nzima

Mashine ya maabara ikishaupasua mchemraba wa zege, wengi huandika namba ya nguvu iliyotoka na kuvitupa vipande. Mimi huviokota. Uso uliovunjika huniambia kama kokoto zimekatika katikati au zimeng'oka nzima na kuacha vishimo laini, kama jino lililotoka kwenye fizi. Ziking'oka nyingi kwenye zege lililokwisha komaa, rojo la saruji halikulishika jiwe.

Mpaka kati ya rojo na jiwe una unene wa takriban maikroni 20 hadi 50 tu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini katika zege la kawaida ndipo penye udhaifu. Chembe za saruji hazibanani vizuri zikifika kwenye ukuta wa jiwe, hivyo maji huzidi pale, na baadaye hubaki vitundu na fuwele za hidroksidi ya kalsiamu, aina ya chokaa. Chini ya kokoto kubwa ni pabaya zaidi, kwani maji yanayopanda juu hunaswa hapo.

Kokoto za kupondwa zina pembe na mikwaruzo, rojo hupata pa kung'ang'ania. Za mtoni ni laini na mviringo, ila tusizidharau: hazidai maji mengi, na maji yakipungua nguvu huongezeka. Tofauti yao hujitokeza zaidi zege likipindwa au kuvutwa kuliko likigandamizwa.

Ugomvi wangu mkubwa ni vumbi na udongo wa mfinyanzi. Kokoto ikivaa tope, rojo hushika tope, si jiwe, na vumbi hilo pia hunywa maji ya mchanganyiko. Tia konzi moja ya kokoto kwenye chupa ya maji, itikise, uone rangi. Maji yakigeuka tope, osha kokoto kwanza. Mfuko wa ziada wa saruji hauondoi tope.

Jiwe lenye vinyweleo likiingia kavu hufyonza maji na zege hukakamaa mapema. Hali ninayoipenda ni jiwe lililoshiba maji ndani, uso ukiwa mkavu. Mawe ya chokaa yana faida nyingine: uso wake humenyuka kidogo na saruji, kwa hiyo mshiko si wa mikwaruzo peke yake.

Kwenye zege la nguvu kubwa, lenye maji machache na unga laini wa silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga), mpaka kati ya rojo na jiwe hukaza hadi nyufa hupita katikati ya kokoto. Hapo nguvu ya jiwe lenyewe ndiyo inayoweka kikomo cha nguvu ya zege.