Kipozi cha maji hakikupi gigahazi

Niseme tu, nimechoka. Karibu kila wiki ujumbe unaingia: "Fundi, nimeshafunga kipozi cha maji, sasa prosesa niipandishe mpaka ngapi?" Yaani niikimbize kwa kasi gani zaidi ya ile ya kiwandani. Anauliza kana kwamba jibu limechapwa kwenye boksi: radieta ya feni mbili gigahazi 5, ya feni tatu gigahazi 5.5, na ukinunua yenye taa za rangi unaongezewa kidogo. Nikijibu kwamba mambo hayaendi hivyo, naambiwa nabania ujuzi.

Haya, leo sibanii. Kasi inaamuliwa na vitu viwili: silikoni uliyoangukia, yaani kile kipande chenyewe kinachofanya hesabu ndani ya prosesa, na volti unazoilisha. Prosesa mbili za namba moja, kutoka trei moja dukani, moja inatulia gigahazi 5 kwa volti 1.28, nyingine inadai 1.38 na bado inaganda. Kipozi kinaingia baadaye, kwenye kuondoa joto ambalo volti hizo zimezaa. Kikishindwa, prosesa inajipunguza kasi yenyewe au inazima. Kikiweza, unabaki na kasi ambayo silikoni ilikuwa tayari kukupa, basi. Ubaridi una faida yake, sikatai: silikoni ikipoa huvujisha umeme kidogo zaidi na huridhika na volti pungufu kidogo. Lakini kushuka kutoka nyuzi 85 hadi 75 ni hatua moja ya megahazi 100, tena ukibahatika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Joto, na hapa nasema wati, si nyuzi, linapanda sawa na kasi, ila kwa volti linapanda kwa mraba. Chukua i7-8700K, prosesa ya Intel ya 2017 ambayo bado inapita mezani kwangu. Viini vyake vyote sita (sehemu zinazofanya hesabu) vikifanya kazi, kwa mipangilio ya kiwandani inakimbia gigahazi 4.3. Tuseme hapo inakula volti 1.15. Ipeleke 5.0 kwa volti 1.35: kasi imeongezeka kwa asilimia 16, joto kwa asilimia 60. Ing'ang'anie 5.2 kwa volti 1.45: umepata asilimia 4 nyingine, na joto limekaribia maradufu ya lile la mwanzo. Hapo sijagusa umeme unaovuja, ambao nao huongezeka kadiri prosesa inavyochemka.

Sasa lile linaloniudhi hasa: "Maji ni baridi kuliko hewa." Maji gani? Maji ya kwenye kipozi yamefungiwa humo tangu kiwandani, na yanapozwa na hewa ya chumba chako, hewa ileile inayopulizwa kwenye hitisinki ya kawaida, kile kipozi cha hewa chenye mapezi ya chuma. Hayashuki chini ya joto la chumba hata siku moja, feni ziwe tatu au kumi. Yanachofanya ni kulitoa joto pale katikati ya bodi palipobanana na kulipeleka kwenye radieta pana. Kazi ya usafirishaji, hakuna zaidi. Hitisinki nzuri yenye mabomba ya shaba na feni mbili kubwa inasafirisha joto vilevile, haina pampu ya kufa, na kwa prosesa ya kati tofauti kati yake na cha maji ni nyuzi chache sana.

Ndiyo maana jamaa wa Nairobi mwenye chumba cha nyuzi 22 na wewe uliyeko Sinza na nyuzi 31 mnaweza kufunga prosesa ileile, kipozi kilekile na volti zilezile, naye akakuacha kwa nyuzi tisa. Joto la chumba linaongezeka kwenye prosesa karibu nyuzi kwa nyuzi. Kabla hujaenda Kariakoo kutafuta radieta ya feni tatu, fungua ubavu wa kesi, rudia kipimo. Joto likishuka nyuzi sita au saba, tatizo lako ni kesi isiyopumua, na feni mbili za bei ndogo zinalimaliza. Vumbi utalifuta, siandiki aya nzima kuhusu vumbi.

Kuna sehemu ambayo kipozi chako, kiwe cha maji au cha hewa, hakiifikii kabisa. Lile bati lenye maandishi unaloliona ukifungua boksi ni kifuniko tu. Silikoni iko chini yake, na ni ndogo. Kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000, prosesa za kampuni ya AMD, kipande chenye viini vinane kina milimita za mraba 70 hivi. Kipitishe wati 120, unapata wati 1.7 kwa kila milimita ya mraba. Pasi ya umeme ya wati 1000 yenye uso wa sentimita za mraba 200 inatoa wati 0.05 kwa milimita hiyohiyo. Kwa hiyo kipande kile kinasukuma joto zaidi ya mara thelathini ya pasi, na joto lote hilo lipite kwenye silikoni, lipite kwenye lehemu, lisambae kwenye bati la shaba, livuke pesti ya kupitisha joto uliyoipaka wewe, ndipo likutane na kipozi ulichokilipia. Sehemu kubwa ya nyuzi unazozilalamikia inapotelea humo njiani. AMD walipotoa Ryzen 9 7950X mwaka 2022 walisema wazi kwamba imeundwa kukaa nyuzi 95 ikibanwa na kazi nzito. Watu waliona 95 kwenye skrini wakarudisha vipozi madukani eti ni feki.

Kwa Intel kisa ni kingine kidogo. Kuanzia kizazi cha Ivy Bridge cha 2012, prosesa zao za kawaida za mezani ziliacha lehemu chini ya kifuniko zikawekewa pesti, mpaka i9-9900K ya 2018 iliporudisha lehemu. Ile 8700K iko katikati ya kipindi hicho. Ukikitoa kifuniko chake, ukafuta pesti na kuweka metali ya kimiminika, joto la gigahazi 5 linashuka nyuzi 15 mpaka 20. Hakuna radieta itakayokupa nyuzi hizo, hata iwe na ukubwa wa dirisha. (Metali hiyo ina galiamu, na galiamu inakula aluminiamu. Shaba tu. Msije mkasema sikuwaambia.)

Tuje kwenye vipimo. Mtu anaendesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo na kuipima, dakika mbili, anapiga picha ya skrini, anatangaza "imetulia, nyuzi 72." Kwenye kipozi cha maji dakika mbili hazisemi lolote. Tuseme mzunguko wako una nusu lita ya maji na prosesa inatoa wati 200. Radieta ikiwa haiondoi kitu, maji yanapanda nyuzi moja kila sekunde kumi. Radieta inaondoa, lakini mwanzoni haiondoi nyingi, kwa sababu maji na hewa bado vinalingana joto. Inaanza kufanya kazi ya maana maji yakishapanda nyuzi kumi au kumi na tano juu ya chumba, na kufika hapo kunachukua robo saa, pengine zaidi. Zile dakika mbili zako zote ulikuwa unapasha maji. Hitisinki ya hewa inajaa joto mapema, kwa hiyo inaonekana mbaya kwenye kipimo kifupi, halafu baada ya nusu saa mnakuta pengo limebaki dogo. Pima nusu saa, feni kwenye kasi utakayoivumilia usiku. Kipozi kinachonguruma kama jenereta kinampa namba nzuri mtu ambaye hataishi nacho.

Na volti. Umeandika 1.35 kwenye bayosi (mipangilio ya bodi unayoifungua kabla Windows haijawaka), unaamini prosesa inapata 1.35. Haipati. Mzigo ukipanda, volti zinadondoka, pengine hadi 1.28, na huo ni mpango wa makusudi wa bodi. Kuna mpangilio wa kuzuia mdondoko huo, na kijana aliyetazama video moja anausukuma mpaka mwisho ili mstari unyooke. Unanyooka, ndiyo. Lakini mzigo ukiachiwa ghafla, volti zinaruka juu ya ulichoandika kwa muda mfupi mno, na programu yako inayosoma mara moja kwa sekunde haitauona mruko huo milele. Acha mdondoko kiasi. Soma volti zikiwa chini ya mzigo, uzitaje hizo ukiulizwa. Mtu anayenitajia volti za bayosi hajanijibu.

Wengine wananitumia rekodi. "Mbona hawa wamefika 9?" Wamefika kweli: Machi 2024, Core i9-14900KS ilisomwa kwenye gigahazi 9.117 kwa heliamu ya kimiminika, ambayo inachemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Kabla ya hapo FX-8370 ya AMD ilikaa na rekodi ya 8.72 tangu 2014 hadi 2022, kwa naitrojeni. Lakini kwenye mashindano hayo prosesa inatakiwa iwe hai kwa muda wa programu kusoma namba na kuihifadhi, na viini vingi huzimwa kusudi. Hakuna anayefungua hata kurasa mbili za intaneti pale. Fanya hesabu ya mafuta yake: lita moja ya naitrojeni ikichemka inaondoka na kilojuli 160 hivi, kwa hiyo prosesa ya wati 300 inaimaliza kwa dakika tisa. Siku nzima ni lita 160, ukiwa umesimama pembeni na chupa unamimina. Tena ziko prosesa ambazo ukizipoza kupita kiwango fulani zinakataa kuwaka. Zile FX zilipendwa kwa sababu hazikuwa na ugonjwa huo.

Sisi wa pwani tuna tatizo la mapema zaidi. Chumba kikiwa nyuzi 30 na unyevu wa hewa asilimia 75, umande unaanza kwenye nyuzi 25. Chochote cha chini ya hapo kinatoka jasho. Huhitaji barafu kavu. Kibati cha umeme cha kupoza, au radieta iliyoelekezwa mdomoni mwa kiyoyozi kwenye chumba chenye unyevu, vinatosha kukuwekea matone nyuma ya soketi, mahali usipopaona. Wa naitrojeni huipaka bodi vaselini au mpira wa kupuliza kabla ya kuanza. Wewe unafanya hivyo kwenye mashine ya kazi? Na wa kuiweka kompyuta ndani ya friji, maana wapo: friji ya nyumbani imeundwa kupoza sufuria ya wali mara moja na kupumzika. Haikuundwa kuondoa wati 200 mfululizo. Itapasha joto humo ndani, kompresa ikifanya kazi bila kupumzika.

Baada ya yote hayo, "imetulia" maana yake nini? Hapa vitabu vya mwongozo vinakimbia. Ukweli ni kwamba hakuna kipimo kinachothibitisha utulivu. Kuna vipimo vinavyoshindwa kukuonyesha kosa. Mashine inapita Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito, usiku kucha, inazimika mchana kwenye gemu. Nyingine inapita vyote, halafu inajizima ikiwa haifanyi kitu, na hii kwenye Ryzen si ajabu: ukizipunguzia volti mno kwa Curve Optimizer, mpangilio wa AMD wa kazi hiyo, kiini kimoja kikiruka hadi kasi yake ya juu kwa kazi ndogo tu, volti hazitoshi. Mzigo mzito haufichui kosa hilo kwa sababu chini ya mzigo mzito kasi haifiki huko. Fungua kumbukumbu za Windows utafute makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows huyaandika kimyakimya. Ukikuta hata moja, hujatulia, hata kama skrini ya bluu hujaiona. Na mara nyingi mkosaji ni RAM iliyopandishwa siku hiyohiyo, prosesa inabebeshwa lawama bure. Panda kimoja kimoja.

Kuhusu volti "salama", namba mnazopeana ni mazoea ya mafundi. Hakuna jedwali la kuaminika linalosema volti kadhaa kwa nyuzi kadhaa zinaondoa miaka mingapi. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikubali kwamba baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi na kuchakaa, zikiwa kwenye mipangilio ya kawaida kabisa, ikatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Kama waliozitengeneza walifika huko, mimi nikikuambia 1.35 ni salama, nichukulie kama mtu anayekisia kwa uzoefu.

Kwa hiyo mashine ya kazi ikija kwangu, ya mhariri wa video au ya mchoraji wa ramani za nyumba, kwa kawaida naanza kwa kushusha volti, naweka kikomo cha wati, naiacha ijipandishe yenyewe. Inakuwa kimya, na mara nyingi inamaliza kazi mapema kuliko ilivyoletwa kwa sababu haijikati tena njiani. Anayetaka gigahazi za kujionyesha tutazitafuta, sina kinyongo. Anitumie namba ya prosesa, joto la chumba, volti chini ya mzigo na joto la baada ya nusu saa. Bei ya kipozi abaki nayo.