Thina haitoi mafuta kwenye kitako cha bunduki

Jamani, tuelewane. Wiki hii kimeletwa tena kitako cha bunduki, ile sehemu yake ya mbao, hapa Keko, Dar es Salaam; shingoni, pale pembamba pa kushikia, cheusi ti, na mwenyewe anajiamini kabisa: "Fundi, nilishakiosha kwa thina, mafuta yameisha, wewe piga vanishi tu." Nikabonyeza pale nyuma, chuma kinapoegemea mbao. Kidole kikatoka kinang'aa.

Thina inaruka, mafuta ya bunduki hayaruki. Ukiimwaga kwenye mbao iliyoshiba mafuta, inayalainisha, na yakishakuwa mepesi mengine yanazama ndani kuliko yalipokuwa. Baada ya muda thina imepotelea hewani, mbao inaonekana kavu, mwenye mali anafurahi. Ngoja jua la Februari, utakiona kitako kinavyotoka jasho.

Msasa ndiyo balaa zaidi. Mbao inashuka chini ya usawa wa chuma, mihuri ya kiwandani inafutika, na mafuta yapo palepale.

Kinachotoa mafuta ni unga. Chukua unga laini wa chaki, koroga na asetoni hadi uwe uji mzito, paka kwa unene, acha ukauke. Asetoni inaingia na kuyalegeza mafuta. Ikianza kukauka inatokea upande wa unga, mafuta yanaifuata na kunasa humo. Unga uliokuwa mweupe unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Sugua kwa brashi kavu, paka upya, na upya tena. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, maana asetoni inashika moto haraka mno.

Nimesema chaki. Sijasema chokaa! Chokaa ya ukutani ni kali, inaunguza nyuzi za mbao na kuufanya mjozi, mbao ya walnut, uwe mweusi zaidi. Kostiki ya kusafishia majiko ni hivyo hivyo. Anayeniambia "si zote nyeupe tu" akapake ukuta wake. Jipsamu ya dari inafyonza, sikatai, ila ikiguswa na maji inaganda kwenye vinyweleo, na utaichokonoa kwa sindano hadi uchoke.

Halafu si kila weusi ni mafuta. Pale chuma kilipogusa mbao yenye unyevu, kutu na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, hutengeneza doa la bluu-nyeusi, na hilo hata ulilowekee asetoni halitikisiki. Linataka asidi ya oksaliki, mafuta yakishatoka.

Je, yanatoka yote? Hapana. Mimi naacha unga unapokauka na rangi ya krimu, na bado sina hakika na mbao ya ndani kabisa. Nyuzi zilizolainika kwa miaka hazirudii uimara wake, vitabu viseme vitakavyo. Lakini usipoyapunguza, gundi haitashika ufa wa shingoni.

Chanzo chenyewe ni kuegesha bunduki mtutu juu na kuimiminia mafuta, yakateremka hadi kwenye mbao. Paka kidogo, kisha iache mtutu chini. Na ukija kwangu, niletee mbao peke yake. Silaha ibaki kwa mwenye leseni.

Mwishoni napaka mafuta ya kitani, kwa sababu hayo yanakauka. Vitambaa vyake vitandaze nje kimoja kimoja, maana vikirundikwa vinajipasha joto hadi kuwaka vyenyewe.