Anza na Soksi, Firauni Atangoja

Mgeni akiingia kwenye jumba la makumbusho lenye malikale za Misri, Ugiriki au Roma, miguu humpeleka yenyewe kwa wakubwa: Firauni, majemadari wa marumaru, panga. Kazi yangu ni kuongoza wageni na kuwafunda wanaowaongoza, na ushauri wangu wa kwanza kwa waongozaji wapya ni huu: anzeni na soksi.

Soksi ninayoisema iko British Museum, London. Mimi huionyesha kwa picha iliyokuzwa hadi nyuzi zinahesabika. Ni soksi ya sufu ya mtoto, ya mguu wa kushoto, iliyofukuliwa kwenye jalala la mji wa Antinoupolis, Misri. Ni kazi ya karne ya 3 au ya 4 BK, enzi za utawala wa Warumi. Kidole gumba kimetengewa chumba chake ili mkanda wa ndala upite. Mistari yake ina rangi kadhaa, lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zote zimetokana na mimea mitatu tu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa buluu, mmoja wa manjano. Zilizobaki ni ufundi wa kuchanganya. Taabu yote hiyo kwa mguu ambao msimu ujao usingeingia tena.

Nikishaeleza hayo nanyamaza. Haipiti dakika, mzazi mmoja atauliza ile nyingine iko wapi, watu watacheka, na mazungumzo yameshaanza bila mimi.

Vitu vya wanawake na watoto vina tabu moja: havijitangazi. Kuna donge la udongo uliochomwa, ukubwa wa kushikika kiganjani, lenye tundu juu. Kibao cha maelezo kinasema ni kizito cha kitanda cha mfumi, Ugiriki, yaani uzito wa kukaza nyuzi kwenye mtambo wa kufumia nguo, na mgeni ameshapita. Huko Olynthos, mji ulioangamizwa na Filipo wa Makedonia mwaka 348 KK, madonge haya yamekutwa kwa wingi ndani ya nyumba. Ukimpa mgeni nakala ya udongo, akaifunga kwenye nyuzi za mtande zinazoning'inia, akapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, mara tatu tu, ataanza kulalamika mabega. Hayo malalamiko ndiyo nayatafuta. Halafu namwambia kwamba wengi waliosimama mbele ya vitanda hivyo walikuwa watumwa, si mama mwenye nyumba anayefuma kujipumzisha. Waongozaji wengi hulikwepa hilo kwa kuona linaharibu hadithi. Mimi naona linaianzisha.

Watoto wa shule nina dawa yao. Katika makumbusho ya Agora ya Athens kuna kiti cha udongo cha karne ya 6 KK, chenye nafasi mbele ya kutolea miguu na tundu chini. Nawaambia wakisie. Majibu yanakuja: chungu, ngoma, kofia ya askari. Kisha mmoja, kwa kawaida mwenye mdogo wake nyumbani, anasema kwa sauti ya chini: "Ni poti." Ni poti kweli. Michoro kwenye vyombo vya Kigiriki inamwonyesha mtoto amekaa kwenye kiti cha namna hiyo. Kelele zinazofuata huwasumbua walinzi, lakini sijaona sanamu ya Perikle, kiongozi wa Athens ya kale, ikipata shangwe kama ile.

Watu wazima hupendelea daftari la mahudhurio. Kwenye bapa la mawe ya chokaa, la mwaka wa 40 wa utawala wa Firauni Ramesses II wa Misri, karani aliandika nani hakufika kazini miongoni mwa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, na kwa nini. Huyu kaumwa na nge. Yule anatengeneza pombe. Na mara kadhaa: mke au binti yake yuko kwenye siku zake. Hekalu halituambii jambo hilo, wala kuta za kaburi. Linatoka kwenye kijiwe cha karani.

Nami nimewahi kukosea. Miaka ya mwanzo niliandika "mwanasesere" chini ya kila kinyago kidogo cha udongo chenye mikono ya kuchezesha. Si kila kidogo ni cha mtoto. Vingine viliwekwa hekaluni kama sadaka, na hata vile vya kuchezea, msichana wa Kigiriki alipokaribia kuolewa alivipeleka kwa mungu wa kike Artemi. Kitu kimoja, maisha mawili. Siku hizi kibao changu kinauliza badala ya kujibu.

Liko jambo moja linalotaka uangalifu. Vyombo vidogo vyenye mdomo mwembamba wa kunyonyea vinapendeza sana, na mwongozaji asiyejiandaa huvifanyia utani. Lakini vingi vimetoka makaburini. Vitatu vya Bavaria, Ujerumani, vilivyochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 2019, vilizikwa na watoto wadogo, na ndani yake kulikutwa mabaki ya maziwa ya wanyama. Mbele ya kabati kama hilo huwezi kujua nani amesimama nyuma yako akiwa amemzika mwanawe. Kwa hiyo nasema mapema, kabla hatujafika, kwamba tunaenda kwenye vitu vya watoto waliofariki. Naweka pia kiti pembeni. Kimekaliwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Huwa namalizia na picha ya jiwe la kaburi la Ampharete, lililopo Kerameikos, Athens, la mwishoni mwa karne ya 5 KK. Mwanamke amekaa, amempakata mtoto mchanga. Kila mtu husema mama na mwana. Kisha nawasomea maandishi ya juu: ninamshika mtoto wa binti yangu, niliyempakata magotini tulipokuwa hai tukiliona jua, na sasa nimekufa, naye amekufa, bado nimemshika. Kumbe ni bibi na mjukuu.

Mara moja bibi mmoja mgeni, aliyekuwa kimya muda wote, aliinua mkono.

"Na huyo binti," akauliza, "jina lake liko wapi?"

Halikuandikwa.