Kubadilisha jina la safu bila kuzima mfumo

Ukiwauliza watu kuhusu kupandisha toleo jipya la mfumo wa wavuti, wengi watakwambia habari za seva: nani ana ufunguo, Nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti) imepangwaje, amri ipi inaanza. Hayo siku hizi ni mepesi. Mnaandika skripti moja, timu nzima inaitumia, na toleo likigoma mnarudisha la jana. Kinachosumbua ni hifadhidata. Msimbo wa jana upo umehifadhiwa kwenye Git, ghala la matoleo ya msimbo, lakini oda zilizoingia tangu asubuhi haziwezi kurudi jana pamoja nao.

Nichukue jambo dogo kabisa. Jedwali la `wateja` lina safu (column) `simu`, na timu imekubaliana iitwe `namba_ya_simu`. Tunatumia Django, zana ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti, na hifadhidata ya PostgreSQL. Wa Laravel, zana kama hiyo ya PHP, naye atajiona humu. Unabadilisha jina kwenye modeli (msimbo unaoelezea jedwali), Django inakuuliza kama umebadilisha jina, unajibu ndiyo, faili la migresheni, yaani maelekezo ya kubadilisha hifadhidata, linatoka likiwa na `RenameField`. Kwenye kompyuta yako linapita bila hata kulisikia.

Kwenye seva ya wateja, migresheni inatangulia, kisha msimbo mpya unafuata. Katikati hapo msimbo wa zamani bado unahudumia watu. Unaomba `simu`, hifadhidata inajibu `column wateja.simu does not exist`, na mteja anaona ukurasa wa kosa 500. Ukianza na msimbo mpya, ni huo sasa unaotafuta safu ambayo haijazaliwa. Vyovyote utakavyopanga, kuna upande utaumia.

Usidhani pengo hilo ni la kufumba na kufumbua. Gunicorn, programu inayoendesha msimbo wa Django, ikiambiwa ijizime vizuri, hungoja maombi yaliyoko mkononi yamalizike, hadi sekunde 30 usipobadilisha mpangilio. Mkiwa na seva mbili, moja inatangulia nyingine. Celery, inayofanya kazi za nyuma ya pazia kama kutuma SMS, nayo huwa inasahaulika ikiendelea na msimbo wa zamani. Halafu kuna yule mteja aliyefungua fomu asubuhi kwenye simu yake, akaiacha wazi, jioni ndiyo anabonyeza "Tuma". JavaScript yake ni ya asubuhi.

Kwa hiyo mimi huichukulia kwamba matoleo mawili yako hewani saa zote, na hifadhidata haina budi kuyakubali yote mawili. Badiliko la jina linakatwa vipande, kila kipande kinapanda siku yake. Kwanza ongeza `namba_ya_simu` ikiruhusu kuwa tupu. Toleo linalofuata liandike kwenye safu zote mbili huku likiendelea kusoma ile ya zamani. Hapo ndipo unajaza rekodi za nyuma, si kabla. Ukijaza mapema, mteja anayejisajili dakika moja baadaye kupitia msimbo wa zamani ataachwa bila namba. Jaza kwa mafungu:

`UPDATE wateja SET namba_ya_simu = simu WHERE id BETWEEN 1 AND 5000 AND namba_ya_simu IS NULL;`

Ukijaza jedwali zima kwa amri moja, kila rekodi iliyoguswa inabaki imefungwa hadi amri iishe, na mteja anayehariri wasifu wake atakodolea macho duara linalozunguka.

Baada ya hapo msimbo uanze kusoma safu mpya, ukiendelea kuandika zote. Kaeni hivyo siku kadhaa. Hii ndiyo hatua ambayo timu zenye haraka huiruka, na ndiyo inayokupa ruhusa ya kurudi nyuma bila kupoteza kitu.

Kuacha kuandika safu ya zamani kuna mtego. Kama `simu` ilikuwa `NOT NULL` (hairuhusiwi kuwa tupu), siku msimbo ukiacha kuijaza kila usajili mpya utakataliwa. Ondoa sharti hilo kwanza. Kuna mtego mwingine wa Django wenyewe: inaposoma modeli hutaja kila safu kwa jina. Ukifuta safu wakati msimbo unaoijua bado uko hewani, hata ukurasa usioonyesha namba ya simu utaanguka. Dawa ni `SeparateDatabaseAndState`: toleo moja linaisahaulisha Django ile safu, toleo la baadaye ndilo linaifuta kwenye jedwali.

Sasa kufuli. Kuongeza safu ni kazi ya kitambo kidogo, na tangu PostgreSQL 11 ya mwaka 2018 hata safu yenye thamani ya kuanzia isiyobadilika hailazimishi jedwali kuandikwa upya. Lakini `ALTER TABLE`, amri ya kubadilisha umbo la jedwali, inataka kulishika jedwali peke yake. Ikikuta ripoti ndefu ya mhasibu inasoma `wateja`, inasubiri, na kila ombi linalokuja nyuma yake, hata la kusoma tu, linasubiri pia. Ni kama msafara wa kiongozi: yeye hajapita bado, nyie mmeshasimamishwa. Basi migresheni itangulize:

`SET lock_timeout = '3s';`

Ikishindwa kupata nafasi ndani ya sekunde tatu inakata tamaa, foleni inafunguka, unajaribu tena baadaye. Kwa faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) tumia `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ambayo Django inayo kama `AddIndexConcurrently`, na kwenye migresheni hiyo weka `atomic = False`, maana amri hiyo haikubali kuendeshwa ndani ya muamala wa hifadhidata (kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja). Ikifia njiani huacha faharasa isiyo halali. Ifute kabla ya kurudia.

Wengi hukimbilia saa sita usiku wakidhani ndiyo salama. Seva nyingi zinahesabu UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo saa sita usiku ya Dar au Nairobi kwazo ni 21:00, na huenda ndiyo saa ambayo nakala ya akiba na ripoti za siku zimepangiwa. `pg_dump`, programu ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, hushikilia majedwali yote hadi imalize; haizuii kusoma wala kuandika, ila `ALTER TABLE` yako itagota hapo hapo. Mimi napendelea Jumanne saa nne asubuhi, timu yote iko macho na chai iko mezani.

Kwenye ukaguzi wa msimbo tuna swali moja tunaloulizana kwa kila migresheni: "Kaka, toleo lililoko hewani sasa hivi likikutana na hii, litaishi?" Mwandishi akijibu "nadhani", haipandi. Na siku ya kuanza kuandika safu zote mbili, fungua kabisa tiketi ya kufuta ile ya zamani, uiwekee tarehe na jina la mtu. Isiyo na jina la mtu itakaa hapo mwaka mzima, na kijana mpya atakayejiunga na timu ataandika kwenye `simu`.