Mkono kwenye beringi: vita vya mafundi wa chini

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa faiamani, yaani mtunza moto unaochemsha maji ya boila, kwenye meli za mvuke Ziwa Victoria. Siku ya kwanza hakunionyesha geji hata moja. "Weka mkono," aliniambia. Nilikuwa kijana wa chuo, nikaona huo ni ushamba. Kipimajoto kipo, mkono wa nini? Miezi michache baadaye, nikiwa zamu kwenye feri moja ambayo siitaji, niliunguza beringi, kile kikalio kinachoshika chuma kinachozunguka. Geji ilikuwa imekufa zamani na mshale wake umeganda pale pale pazuri. Harufu ya oili inayoungua ndiyo iliyoniamsha, na madini laini ya ndani ya beringi yalikuwa yameshayeyuka.

Ndiyo maana nikisoma habari za korveti za Waingereza katika Vita Vikuu vya Pili, macho yangu hayaendi kwenye mizinga. Yanashuka ngazi.

Korveti ilikuwa meli ndogo ya kusindikiza misafara ya mizigo: urefu wa mita 62 hivi, watu kama 85. Mwaka 1939 Uingereza ilizihitaji upesi na kwa wingi, na viwanda vya kuunda manowari vilikuwa vimeelemewa. William Reed wa Smith's Dock, kwenye mto Tees, akachukua ramani ya meli ya kuvulia nyangumi, Southern Pride, akaikuza. Zikapewa majina ya maua. Mojawapo, Gladiolus, ilishushwa majini Januari 1940, na Oktoba 1941 ikapotea Atlantiki na watu wake wote.

Tumboni walitia injini ya mvuke ya pistoni, ya aina ambayo manowari kubwa zilikuwa zimeshaiacha na kuhamia tabaini, mapanga yanayozungushwa na mvuke. Kuna wanaoucheka uamuzi huo. Mimi ningewapa mkono wa pongezi. Tabaini na giaboksi yake hutaka mashine za kuchonga kwa usahihi mkubwa, na mashine hizo zilikuwa haba. Injini ya pistoni iliweza kutengenezwa na karakana ya kawaida, na fundi wa meli ya uvuvi au ya mizigo aliijua tayari. Fita au fundi wa maboila aliyeacha karakana yake wiki iliyopita aliweza kuwa ERA, yaani fundi wa chumba cha mitambo, pasipo kuanza moja.

Jinsi inavyofanya kazi, fikiria muwa kwenye mashine ya juisi. Muuzaji haupitishi mara moja. Anaupitisha, anaukunja, anaupitisha tena mpaka makapi yatoke makavu. Mvuke nao huingia kwanza silinda ndogo ukiwa na nguvu zote, ukahamia ya kati, kisha ukagawanywa kwenye silinda mbili kubwa zinazokamua kilichobaki. Ukitoka hapo unaingia kondensa, unapozwa na maji ya bahari, unageuka maji na kurudi boila. Bomba moja dogo la kondensa likitoboka, maji ya chumvi yanaingia kwenye maji ya boila, na kila zamu ilibidi maji hayo yapimwe chumvi. Nguvu yote ya injini ilikuwa farasi 2,750, rafadha moja, mwendo noti 16, yaani maili 16 za baharini kwa saa. Nyambizi ya Kijerumani ikiwa juu ya maji iliwazidi kwa noti moja na ushei.

Injini hiyo ilikuwa wazi. Fito na mikono yake ilizunguka mbele ya macho yako, na mzunguko mmoja ulichukua chini ya sekunde. Ili kujua kama beringi ya mkono mkubwa inapata moto, fundi alisimama kando, akasoma mwendo kama mtoto anayesubiri kuingia kwenye kamba inayorushwa, kisha akapeleka kiganja chuma kilipomfikia, akakigusa na kukitoa. Uvuguvugu, sawa. Moto, ongeza oili na umwite Chifu, mkuu wa mitambo. Ukikosea hesabu, vidole vimekwenda. Sasa yafanye hayo usiku wa Januari, meli ikilala ubavu huu na ubavu huu, sakafu ya bati ina utelezi wa oili.

Upande wa maboila shida ilikuwa moshi. Korveti zilichoma mafuta mazito, si makaa. Hewa ikipungua, moshi mweusi. Ikizidi, moshi mweupe. Nyambizi huuona moshi kabla haijaiona meli yenyewe, kwa hiyo faiamani mmoja mwenye usingizi angeweza kuuza msafara mzima. Tena telegrafu, ile kengele ya amri kutoka juu, ilipolia na nahodha kutaka mwendo mwingine, vichomeo vilifunguliwa au kufungwa na hewa ikarekebishwa papo hapo. Bila kuambiwa sababu, bila shaka. Walio juu huwa hawana muda wa kueleza. Hilo halijabadilika hadi leo.

Sababu waliisikia kwa masikio. Mabomu ya kina, yale yanayozamishwa kuua nyambizi, yalipolipuka, bodi ya meli iligongwa kama pipa linalopigwa nyundo, nao wako chini ya usawa wa maji, wakijua kwamba torpedo hupenda kulenga hapo.

Meli hizi zilifika hata kwetu. Mwaka 1942 kikosi cha Waingereza cha Mashariki kilihamishia makao yake Kilindini, na Mei mwaka huohuo korveti kadhaa zilishiriki kuivamia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagascar. Auricula iligonga bomu la majini huko ikazama. Kwa mtu wa mitambo joto letu nalo ni adui: bahari ikiwa vuguvugu kondensa haipoi vizuri, na chumba chenyewe kinakuwa tanuri.

Halafu likaja suala la kusafisha boila. Mabaharia wa sitahani waliipenda kazi hiyo kuliko sikukuu, maana meli ikilazwa bandarini kwa usafi wa boila, watu walipewa likizo fupi kwa zamu. Mafaiamani ambao zamu yao ya likizo haijafika walisubiri chuma kipoe, wakafungua mlango usiozidi upana wa mabega, wakaingia ndani na taa na brashi.